Kwa nini mchumba wangu si raia wa nchi aliyozaliwa? Jibu kuhusu "wasio raia" wa Latvia

"Mimi ni Mkenya na ninaishi Riga, Latvia. Mchumba wangu alizaliwa hapa mwaka 1988 na hajawahi kuishi kwingine, lakini pasipoti yake imeandikwa 'nepilsoņa pase', yaani pasipoti ya mtu asiye raia. Nyumbani kwao wanazungumza Kirusi. Baba yake alitoka Belarus miaka ya sabini kuja kufanya kazi katika kiwanda cha VEF. Dada yake aliyezaliwa 1993 ni raia wa Latvia. Baba yao alichukua uraia wa Urusi ili apate pensheni mapema, na sasa, akiwa na miaka 69, ametakiwa afanye mtihani wa Kilatvia. Mimi nina mimba ya miezi minne. Nikimwambia mchumba wangu aombe uraia, anajibu kwamba hawezi kufanyiwa mtihani na nchi aliyozaliwa. Rafiki yangu Mlatvia naye ananiambia hao watu 'walikuja na vifaru'. Je, mchumba wangu hana nchi? Huu ni ubaguzi? Mtoto wetu atakuwa nani? Nimsukume afanye mtihani, au nimwache?"

Dada yangu, hongera kwa mimba, na pole kwa mzigo uliokuja nayo. Maswali yako ni manne, lakini nyuma yake nasikia la tano: unahofia mtoto wako atazaliwa katikati ya ugomvi wa watu wengine. Nianze na lile lenye haraka. Mtoto hatazaliwa bila uraia. Ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamfanya Mkenya wa kuzaliwa kupitia kwako, hata akizaliwa nje ya Kenya. Uraia wa Latvia ni jambo la pili, na huo unategemea sana hatua ambazo baba yake atachukua, au atakataa kuchukua, katika miezi hii mitano iliyobaki. Nitafika huko. Lakini ukimwendea na fomu mkononi kabla hujaelewa anakataa nini hasa, mtagombana bure. Kwa hiyo nivumilie kwenye historia.

Rafiki yako anaposema "walikuja na vifaru", anasema kweli kuhusu mwaka 1940, ila si kweli kuhusu baba mkwe wako. Jamhuri ya Latvia ilitangazwa tarehe 18 Novemba 1918. Tarehe 23 Agosti 1939 Ujerumani ya Hitler na Umoja wa Kisovieti walitia saini mkataba ambao sehemu yake ya siri iligawana nchi za Ulaya Mashariki. Tarehe 17 Juni 1940 majeshi ya Usovieti yakaingia Latvia, na kufikia Agosti nchi ikatangazwa kuwa sehemu ya Usovieti. Kisha wakaja Wajerumani, 1941, kisha Usovieti tena kuanzia 1944. Usiku wa 14 Juni 1941 watu wapatao 15,000 walikusanywa na kupelekwa Siberia na kwingineko ndani ya Usovieti. Machi 1949 wakachukuliwa wengine wapatao 42,000, wengi wao wakulima pamoja na watoto na wazee wao. Familia nyingi za Kilatvia zina mtu katika hesabu hiyo. Ukikaa mezani na Mlatvia ukaona uso wake unabadilika neno "ukombozi", ambalo Wasovieti walilitumia kwa ujio wao, linapotajwa, hiyo ndiyo sababu.

Ufunguo wa kila kitu ulichoniandikia ni kwamba Marekani na nchi nyingi za Magharibi hazikukubali kwamba Latvia ilikuwa imekufa kisheria. Ubalozi wake mjini Washington uliendelea kuwapo miaka yote ile, ukiwakilisha dola isiyokuwa na ardhi. Kwa hiyo mwaka 1991 Walatvia hawakusema "tunaanzisha nchi mpya". Walisema nchi ni ile ile ya 1918, ilikaliwa kimabavu kwa nusu karne na sasa imerudi. Katiba iliyorudishwa ni ile ya 1922. Kama nchi ni ile ile, basi raia wake nao ni wale wale. Uamuzi wa Baraza Kuu, yaani bunge la wakati ule, wa tarehe 15 Oktoba 1991 ulirudisha haki za waliokuwa raia siku ya 17 Juni 1940, pamoja na wazao wao. Aliyeingia baada ya siku hiyo, na watoto aliowazaa humo, alibaki nje ya orodha.

Kama Mkenya, jambo hili halipaswi kukushangaza sana. Kenya nayo ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ilichora mstari: aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja akiwa amezaliwa Kenya, akawa raia papo hapo, wengine, wakiwamo Wahindi wengi, walipewa miaka miwili ya kuomba. Kila dola inayozaliwa au kurudi hulazimika kuamua nani wa ndani siku ya kwanza. Latvia iliuchora mstari wake nyuma kwa miaka 51, na ndiyo maana ulipita katikati ya mitaa, ngazi za maghorofa na hata vitanda vya ndoa.

Hapa kuna dhana moja ya kusahihisha. Wengi hudhani sheria ile iliuliza kabila. Haikuuliza. Katika mkoa wa Latgale, mashariki mwa nchi, wapo Warusi wa madhehebu ya Waumini wa Kale ambao mababu zao walikimbilia huko tangu karne ya 17. Hao walikuwa raia kabla ya 1940, kwa hiyo wajukuu wao wakawa raia mwaka 1991 bila mtihani wowote. Leo Warusi wengi wa Latvia ni raia wa Latvia. Lakini nisikudanganye kwa nusu ya ukweli: sheria ilihesabu miaka, na aliyeangukia nje alikuwa karibu kila mara mzungumzaji wa Kirusi. Walioitunga walilijua hilo. Zaidi ya watu 700,000, katika nchi yenye watu wasiozidi milioni 2.7, waliamka bila uraia wowote, kwa kuwa Usovieti waliokuwa raia wake ulikufa Desemba ya mwaka huo huo.

Kwa nini nchi ifanye jambo zito namna hiyo? Hofu ya hesabu. Katika sensa ya 1935 Walatvia walikuwa takriban robo tatu ya wakazi. Katika sensa ya 1989 walikuwa asilimia 52, na katika jiji la Riga hawakufika hata 40. Karibu kila Mlatvia wa mjini alijua Kirusi. Kati ya Warusi, kama mmoja tu katika watano alijua Kilatvia. Ukiingia dukani, ofisini au hospitalini, wa kubadili lugha alikuwa Mlatvia. Tazama jirani yao Lithuania: huko wenyeji walikuwa wamebaki kama asilimia 80, na nchi ikawapa uraia wakazi wote wa kudumu waliotaka. Uvamizi ulikuwa ule ule na mwaka ule ule. Tofauti ilikuwa idadi. Estonia, ambako wenyeji walikuwa wameshuka hadi kama asilimia 61, ilifuata njia ya Latvia. Kwa maoni yangu jambo hili linaeleza zaidi kuliko hotuba zote za wanasiasa wa pande zote mbili.

Sasa baba mkwe wako. Mipango ya viwanda ilifanywa Moscow. VEF ilitengeneza redio na simu, RVR mabehewa ya treni za umeme, RAF ya Jelgava mabasi madogo, na vyote vilihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo Latvia. Wafanyakazi wakaletwa kutoka Urusi, Belarus na Ukraine, na wengi wakapewa nyumba huku wenyeji wakingoja foleni kwa miaka. Serikali ya Moscow ilijua inachofanya. Kijana wa Belarus aliyekuja kuunganisha redio hakujua. Kwake alikuwa anahama kutoka mkoa mmoja hadi mwingine ndani ya nchi moja, na hakuna kitabu cha shule alichopewa kilichomwambia vinginevyo. Unaweza kuamini kwamba ukaaji ule ulikuwa haramu, na pia ukaamini kwamba yeye binafsi hana hatia. Wengi hushindwa kushika mambo hayo mawili kwa pamoja, na hapo ndipo mazungumzo ya Riga hukwama.

Kuna kidonda kingine ambacho rafiki yako huenda hakijui. Tarehe 3 Machi 1991, Usovieti ukiwa bado upo, wakazi wote waliulizwa kama wanataka Latvia huru ya kidemokrasia. Walipiga kura wote, Walatvia na Warusi, na karibu asilimia 74 wakasema ndiyo. Hesabu hiyo haifikiwi bila kura nyingi za wazungumzaji wa Kirusi. Miezi saba baadaye wengi wa waliosema ndiyo wakaambiwa si raia. Mchumba wako alikuwa mtoto wa miaka mitatu, lakini bila shaka amekua akiisikia habari hiyo mezani. Anaposema hafanyiwi mtihani na nchi aliyozaliwa, inawezekana sana anasema kwa niaba ya wazazi wake. Muulize kwa upole wazazi wake walipiga kura gani siku ile.

Kuhusu familia moja kuwa na hadhi tatu, hiyo ni kazi ya tarehe. Sheria ya uraia ya 1994 iliruhusu watu kuomba kwa mafungu ya umri, mwaka baada ya mwaka, na wengi wakakata tamaa wakingoja zamu. Umoja wa Ulaya na Max van der Stoel, kamishna wa OSCE (Shirika la Usalama na Ushirikiano la Ulaya) aliyeshughulikia jamii za walio wachache, walishinikiza ibadilishwe, na kura ya maoni ya tarehe 3 Oktoba 1998 ikaondoa mafungu hayo. Iliruhusu pia watoto waliozaliwa Latvia baada ya 21 Agosti 1991 kwa wazazi wasio raia kuandikishwa kuwa raia kwa ombi la mzazi, bila mtihani. Wifi yako wa 1993 aliingia kwa mlango huo. Mchumba wako alizaliwa miaka mitatu mapema mno, basi.

Baba yao alichukua njia iliyokuwa na faida ya wazi wakati ule: Urusi iliwapa pensheni mapema kuliko Latvia. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, hesabu ilipinduka. Latvia ilibadilisha sheria ya uhamiaji: waliotoka kwenye hadhi ya wasio raia wakachukua uraia wa Urusi wanatakiwa kuonyesha Kilatvia cha kiwango cha A2 ili wapate upya kibali cha kudumu. Waliofikisha miaka 75 wamesamehewa, yeye bado. A2 ni lugha ya dukani, kituo cha basi na miadi ya daktari, na mzee mwenye afya akipata mwalimu anaweza kuipata ndani ya miezi kadhaa. Kinachowaangusha wengi ni kuandika, pamoja na aibu ya kukaa darasani uzeeni. Kama ana ugonjwa unaomzuia kujifunza, asinyamaze: zipo nafuu za kiafya, lakini zinahitaji hati rasmi ya daktari. Na mwambie mchumba wako wazi kwamba kuchukua pasipoti ya Urusi sasa, hata kwa hasira, kungemhamisha kutoka mahali salama kwenda mahali pa mashaka.

Je, hana nchi? Mahakama ya Katiba ya Latvia ilisema mwaka 2005 kwamba wasio raia si raia, si wageni, na si watu wasio na utaifa. Wana hadhi yao ya pekee. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa huwahesabu katika takwimu za wasio na utaifa. Kwa maisha ya kila siku, uhalisia ni huu: ana haki ya kuishi Latvia bila kibali, ana pasipoti ya Latvia, akipata shida nje ubalozi wa Latvia unamhudumia, na tangu 2007 anatembelea nchi za Umoja wa Ulaya za eneo la Schengen bila viza kwa ziara za hadi siku 90. Usimlinganishe na Wamakonde wa Kwale kabla ya 2016 au Wapemba wa Kilifi kabla ya 2023, ambao hawakuwa na karatasi yoyote ya kufungulia hata akaunti ya benki.

Alichokosa nacho ni kizito. Hapigi kura ya bunge wala ya jiji lake. Katika hili Latvia imekuwa kali kuliko Estonia, ambako watu wa hadhi kama yake waliruhusiwa kwa miaka mingi kuchagua madiwani, ingawa mabadiliko ya katiba ya 2025 yameufunga mlango huo. Hawezi kuwa polisi, hakimu, wakili wala mtumishi wa serikali. Hana uhuru wa raia wa Umoja wa Ulaya wa kwenda kufanya kazi Dublin au Hamburg apendavyo. Palikuwa pia na tofauti katika kuhesabu pensheni ya miaka iliyofanyiwa kazi kwingine Usovieti. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliikosoa Latvia mwaka 2009 katika kesi ya Andrejeva, kisha mwaka 2022 ikaikubalia hoja zake katika kesi nyingine ya aina hiyo. Hata majaji wa mahakama hiyo wameyumba.

Kwa hiyo ni ubaguzi? Jibu langu: kudai kurudishwa kwa dola iliyoporwa kulikuwa haki, na kulinda lugha ambayo ilikuwa karibu kuzikwa kulikuwa haki. Kuwaacha watoto waliozaliwa humo kurithi hadhi hiyo hadi mwisho wa 2019 kulikuwa kosa, na Latvia yenyewe imekubali hivyo kwa kitendo. Rais Raimonds Vējonis alipendekeza mwaka 2017 mtoto asizaliwe tena "asiye raia", bunge likakataa. Rais Egils Levits alirudisha wazo hilo mwaka 2019, likapita, na sheria ikaanza tarehe 1 Januari 2020. Waliobaki na hadhi hiyo leo ni chini ya 200,000, wengi wao wazee, na kila mwaka wanapungua kwa vifo kuliko kwa mitihani.

Hapo ndipo tunapofika kwa mtoto wako, na soma sehemu hii pole pole. Sheria ya 2020 inampa mtoto wa wasio raia uraia wa Latvia moja kwa moja, kwa sharti kwamba wazazi hawakumchagulia uraia wa nchi nyingine na kwamba mtoto si raia wa nchi nyingine. Wako ni Mkenya tangu anapovuta pumzi ya kwanza, upende usipende. Kwa hiyo usiitegemee sheria hiyo. Matokeo yake yanaweza kuwa mtoto mwenye pasipoti ya Kenya anayehitaji kibali cha kuishi katika jiji alilozaliwa yeye na baba yake. Baba akiwa raia siku mtoto anapozaliwa, mambo hurahisika: mtoto wa raia ni raia, na ubaba wake lazima uwe umethibitishwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Kama hamtakuwa mmefunga ndoa, baba akaandikishe kukubali kwake mtoto kwenye ofisi ya usajili, ama sivyo njia yote inayopitia kwake haipo.

Muda hautoshi kuwa na uhakika. Serikali ina hadi mwaka mmoja tangu maombi kukamilika kutoa uamuzi, na mimba yako haitangoja. Lakini mtoto wa chini ya miaka 15 anayeishi Latvia kwa kudumu anaweza kupata uraia pamoja na mzazi anayeomba. Kwa hiyo kuanza sasa kuna faida hata mtoto akizaliwa kabla ya uamuzi. Wakati huo mtaomba aongezwe kwenye faili. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2010. Latvia inauruhusu kwa orodha: nchi za Umoja wa Ulaya, za EFTA (jumuiya ya biashara huria ya Ulaya), za NATO, pamoja na Australia, Brazil na New Zealand. Kenya haimo. Hilo linagusa mtoto wako, si mchumba wako ambaye hana uraia wa kuukana, na ndilo swali la kwanza la kuliuliza kwa maandishi kabla ya kujaza chochote.

Mtihani wenyewe unafanyika kwenye Idara ya Uraia na Uhamiaji, inayojulikana kwa kifupi PMLP. Mwombaji awe na umri wa miaka 15 au zaidi, awe ameishi Latvia kwa kudumu miaka mitano, na awe na kipato halali. Ada kwa miaka mingi imekuwa yuro 28.46, na makundi fulani hulipa kidogo zaidi au hawalipi. Sehemu ya lugha ina kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, kwa kiwango cha B1, hatua moja juu ya A2. Sehemu ya pili ni maneno ya wimbo wa taifa, misingi ya katiba, na historia na utamaduni. Mwisho ni kiapo cha utiifu. Zaidi ya watu 140,000 wamepata uraia kwa njia hii tangu 1995, wakiwamo watoto walioongezwa kwa wazazi wao. Mwaka 2005, baada ya Latvia kuingia Umoja wa Ulaya, walikuwa zaidi ya 19,000 kwa mwaka mmoja. Nils Ušakovs, aliyekuwa meya wa Riga kuanzia 2009 hadi 2019 kwa kura za wazungumzaji wa Kirusi, alipata uraia kwa njia hiyo hiyo mwaka 1999.

Kijana wa 1988 aliyesoma shule ya Kirusi huwa anazungumza Kilatvia vizuri kuliko anavyoandika. Vistari vya juu ya irabu na miisho ya maneno ndivyo vinavyokula alama, na vinarekebishika kwa kuandika nusu ukurasa kila siku kwa wiki nane au kumi na mtu mwingine akisahihisha. Kabla hajaanza, atafute vyeti vyake vya shule: aliyesoma zaidi ya nusu ya elimu ya msingi kwa Kilatvia husamehewa sehemu ya lugha, na matokeo ya mtihani wa taifa wa Kilatvia wa sekondari nayo yapelekwe yakaangaliwe.

Kikwazo kikubwa huwa sehemu ya historia. Humo atatakiwa kujibu kwamba Latvia ilikaliwa kimabavu mwaka 1940 na tena baada ya vita. Kama babu yake alipigana katika Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Usovieti, na medali zake ziko kabatini, jibu hilo linaweza kuonekana kama kumkana. Mwambie hakuna haja ya kumkana. Chini ya Wajerumani waliuawa Wayahudi wapatao 70,000 wa Latvia. Katika msitu wa Rumbula pekee, tarehe 30 Novemba na 8 Desemba 1941, walipigwa risasi watu wapatao 25,000. Askari waliokomesha utawala ule walifanya jambo la heshima. Dola iliyowatuma ikabaki na kuikalia nchi ya watu. Yote mawili yalitokea katika majira yale yale, na mtihani unauliza la pili tu.

Usimsukume, lakini usimwache pia. Mwache na hasira yake, ila mtenganishie hasira na faili. Kuomba uraia si kukiri kosa. Ni kuchukua kura, kazi zilizofungwa, na njia fupi ya mtoto wake. Mweleze pia gharama kwa haki: wasio raia huingia Urusi bila viza, na akiwa raia atahitaji viza kumwona ndugu aliyeko huko. Utumishi wa jeshi wa lazima ulioanza upya 2024 unawahusu vijana waliozaliwa kuanzia 2004, hautamgusa. Akikataa baada ya kuyasikia yote hayo, ni haki yake, na mtaipanga njia ya mtoto kwa kibali cha kuishi.

Umeuliza mtoto atakuwa nani. Pasipoti haitazuia watu mtaani kumuuliza ametoka wapi. Mtoto mweusi mwenye jina la Kirusi la ukoo atalisikia swali hilo kutoka pande zote. Kinachosaidia Latvia, kuliko pengine nchi nyingi, ni lugha. Anayezungumza Kilatvia bila kusitasita hupokewa kwa namna tofauti, na hili si jambo la maneno matupu, maana Walatvia waliiona lugha yao ikiondolewa ofisini ndani ya uhai wao. Kuanzia Septemba 2023 shule zilianza kuhamia Kilatvia pekee, darasa kwa darasa. Mpeleke chekechea ya Kilatvia mapema, baba azungumze naye Kirusi, wewe Kiswahili, na msichanganye zamu hizo.

Jina nalo mlifikirie kabla ya siku ya kuandikisha. Hati za Latvia huandika majina kwa tahajia ya Kilatvia, isiyo na herufi w wala y, na kwa kawaida huyaongezea miisho ya jinsia. Wanjiku anaweza kutoka ofisini akiwa Vandžiku. Omba siku hiyo hiyo umbo la asili liandikwe pia kwenye pasipoti; linaruhusiwa. Usipofanya hivyo, cheti cha Kenya na hati ya Latvia vitaonyesha watu wawili tofauti, na utalipia viapo vya mahakamani kwa miaka.

Jambo la mtoto wa mzazi asiye raia na mzazi Mkenya halifai kuamuliwa kwa ushauri wa mbali. Weka miadi PMLP wiki hii, mkiwa wote wawili, na muwe na pasipoti zenu, kibali chako cha kuishi, vyeti vyake vya kuzaliwa na vya shule, na karatasi ya kliniki yenye tarehe unayotarajia kujifungua. Uliza mambo matatu na udai majibu ya maandishi: je, mtoto mwenye uraia wa Kenya kupitia mama anaangukia sheria ya 2020, akipata uraia wa Latvia kupitia baba, Latvia itamtaka nini kuhusu uraia wa Kenya akiwa mtu mzima, na maombi ya baba yakiwa bado hayajaamuliwa, mtoto anaongezwaje. Majibu yakipingana, nenda Kituo cha Haki za Binadamu cha Latvia hapo Riga au ofisi ya Mtetezi wa Haki, Tiesībsargs. Ubalozi wa Kenya unaohudumia Latvia uulize mapema hati za kuandikisha mtoto aliyezaliwa nje.

Kwa mzee, wakili wa uhamiaji anahitajika haraka kuliko kwenu. Barua yoyote aliyopokea kuhusu kibali chake isikae mezani: muda wa kupinga uamuzi wa namna hiyo kwa kawaida ni mwezi mmoja tu, na mtihani wa A2 nao una foleni yake ya kujiandikisha.